Evanthia na Majina Tisa

Kwa miaka kumi na tisa Evanthia Sarridou aliwauliza watu maswali na kuyaandika majibu yao, na mwisho wa kila faili akaandika neno moja kati ya mawili: apewe, au asipewe. Waliopewa walimsahau kabla hawajafika kituo cha basi. Walionyimwa ndio aliorudi nao nyumbani.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba na jiko juu ya duka la mbegu, katika mji mdogo kando ya mto Evros, upande wa Wagiriki. Aliwahi kuwa na nyumba ya kweli, yenye ua na mzabibu, aliyoijenga kwa mshahara wake huku mumewe Pantelis akisubiri kazi inayolingana na hadhi yake. Pantelis alipokwenda Ujerumani kuitafuta hiyo hadhi, na kuipata kwa mwanamke mwingine, ikaja kujulikana kwamba kiwanja kilikuwa cha mama mkwe na hati imeandikwa jina la wifi, Marika. Evanthia alitoka na cherehani, masanduku mawili na picha takatifu ya Bikira Maria aliyoachiwa na mama yake. Hakuna aliyemuuliza maswali siku ile. Hakuna aliyeandika majibu yake.

Kabla ya kazi hii ya kuwahoji wageni wanaoomba hifadhi ya ukimbizi alikuwa karani wa vizazi na vifo katika halmashauri ya mji. Huko ndiko alikoanza kuwajua wageni, maana mto ulimletea waliozama wakivuka kutoka Uturuki. Polisi walikuja na karatasi: mwanamume, umri yapata miaka thelathini, jina halijulikani. Evanthia aliwaandika kwa mwandiko uleule aliomwandikia mtoto wa daktari. Ofisi ya hifadhi ilipofunguliwa ikawa inatafuta watu, aliomba kuhamia huko, kwa sababu alitaka angalau kuwaona wakiwa bado wanapumua.

Ofisi ilikuwa ghala la zamani la tumbaku, na ingawa lilipakwa rangi mara tatu, kuta zilitoa harufu siku za mvua. Waomba hifadhi walikaa ukumbini chini. Aliyeitwa alipanda ngazi hadi kwa Evanthia, akakaa mbele yake, akaambiwa aanze mwanzo na asiruke kitu. Alikuwa na subira kuliko wote. Aliwafundisha kazi vijana sita, na wote sita wakapandishwa cheo. Wa mwisho wao, Aristidis, mwenye shahada mbili na koti la buluu, ndiye aliyekuwa bosi wake sasa, na bado alikuja mezani kwake kuuliza hili linaandikwaje.

Mkalimani wao, mzee Hikmat, Mwiraki aliyeishi Ugiriki miaka thelathini na kuoa hukohuko, alizoea kumtania.

"Bi Evanthia, wewe ni ngazi ya jengo hili. Kila mtu anakukanyaga akienda juu."

"Na wewe ni kengele ya mlangoni," Evanthia alimjibu. "Kelele tupu, na ndani huingii."

Watu wa mji ule hawawaachi wafu wao wakae bila kuitwa. Mara tatu kwa mwaka huwa na Jumamosi ya Roho. Wanawake huchemsha ngano, huichanganya na zabibu kavu, lozi na punje za komamanga, huifunika kwa sukari nyeupe laini na kuipeleka kanisani pamoja na karatasi ya majina. Padri huyasoma yote, mamia kwa mamia, kwa sauti ya haraka isiyopanda wala kushuka. Siku nyingine za ibada huwa na karatasi za aina mbili, ya walio hai waombewe afya na ya marehemu waombewe pumziko. Jumamosi ya Roho husomwa marehemu peke yao. Na kila mwanamke wa mji ule anajua, ingawa hayupo atakayekiri kuwahi kufanya, kwamba jina la mtu aliye hai likisomwa kati ya wafu, mtu huyo huanza kupungua.

Evanthia hakuhitaji kusimuliwa. Mwaka ule wa ugomvi wa nyumba alikuwa amesimama kanisani, padri wa zamani anasoma: Stavros, Anastasia, Evanthia. Marika alikuwa mbele karibu na mishumaa, na mabega yake hayakutikisika. Kuanzia hapo, mwaka mzima, watu walimpita Evanthia barabarani bila salamu, na akiwauliza wanaapa hawakumwona. Muuza mikate aliwahudumia waliokuja nyuma yake. Daktari alimpima kila kitu asione ugonjwa, kisha akaita mgonjwa mwingine wakati yeye bado amekaa pale kitini. Orodha ya vyeo ilipotoka jina lake lilikuwa halimo, na mkuu wa wakati ule aliapa kwamba aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi kidogo kidogo, kama mtu anayetoka kwenye homa ndefu. Cheo hakikurudi.

Labda ndiyo sababu alianza siri yake. Kila mwaka, baridi ikianza kulegea, aliandika kwenye karatasi ya walio hai majina ya wale aliowanyima, akaipeleka kanisani Jumapili waombewe afya. Sheria ilikataza. Jina la mwomba hifadhi halitoki ofisini hata kwa ulimi. Lakini padri hawajui ni akina nani, alijiambia, na Mungu ana ruhusa ya kusoma mafaili.

Mwaka ninaousimulia walikuwa tisa. Ijumaa ya mwanzo wa Machi, wakati wenzake wamekwenda kula, aliandika karatasi zote mbili palepale mezani. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu, kwa ajili ya kesho yake: baba, mama, shangazi wawili, na wale wa mtoni ambao majina yao yalijulikana. Ya pili ilikuwa ya wale tisa, kwa ajili ya Jumapili. Kisha mkono wake ukafanya jambo ulilolifanya kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Ukazigonga karatasi mezani zikae sawa, ukazipiga stepla pembeni.

Jumamosi, bila kuzitazama, aliziweka kwenye sinia pamoja na za wengine, akarudi nyuma kusimama. Padri Neofitos, kijana mwenye macho mabovu, alifika kwenye karatasi yake. Alimsoma baba, alimsoma mama, aliwasoma shangazi. Akawasoma wale wa mtoni. Evanthia akajua zamu yake imekwisha. Hapo akasikia karatasi ikifunuliwa.

Jina la kwanza lilimpa padri shida kidogo, halikuwa la Kigiriki. Kisha akashika mwendo. Zarmina. Bakary. Nashwan.

Angeweza kusema, Padri, hapo simama. Ni maneno matatu tu. Lakini Marika alikuwepo, mama yake Aristidis alikuwepo, na mtu akisimamisha usomaji lazima aseme sababu, na sababu ilikuwa majina yaliyotoka ofisini. Evanthia alifunga mdomo. Baridi ilimpanda kutoka nyayo hadi magotini, kama mtu aliyesimama kwenye maji yanayotembea, na alibaki hivyo mpaka jina la tisa likapita na watu wote wakaitikia kwa wimbo kwamba wakumbukwe milele.

Baada ya hapo barua zikaanza kurudi.

Ofisi ilimpelekea kila aliyenyimwa barua ya uamuzi. Kurudi kwa barua moja au mbili si ajabu, maana aliyekataliwa hakai kusubiri polisi. Lakini zilirudi nane kati ya tisa, ndani ya wiki tano, na tarishi alikuwa ameandika kwenye zote maneno yaleyale: hajulikani hapa. Hakuandika kwamba amehama. Evanthia alikwenda kula kwenye mgahawa wa samaki ambako Bakary alikuwa akiosha vyombo, akamuulizia kana kwamba anapitisha muda tu. Mwenye mgahawa alifikiri, akamwita mkewe, wakafikiri wote wawili. Walikumbuka kwamba palikuwa na mtu akiosha vyombo. Uso wake hawakuukumbuka, na mke alisema labda waliviosha wenyewe.

"Wamekwenda zao Ujerumani," Hikmat alimwambia alipomwona anazipanga zile bahasha mezani. "Pengine wanakunywa kahawa na mumeo."

Evanthia hakucheka. Alikuwa anatazama mahali palipobaki wazi, pa bahasha ya tisa.

Wa tisa alikuja mwenyewe, mwezi wa Mei. Mlinzi aliapa hakumwona akiingia. Mashine ya namba ilimpa namba, lakini dirishani iliitwa iliyotangulia na iliyofuata, mara mbili, naye akakaa ukumbini tangu asubuhi hadi wafagiaji walipokuja. Evanthia alikuwa anashuka na mkoba wake akamkuta kwenye benchi. Mwanamume mrefu, viatu vya shambani, karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Ilimbidi atazame mara ya pili. Alikuwa amemhoji mtu huyu saa nne nzima majira ya baridi, na bado macho yake yalitaka kumpita yafike ukutani.

Alikuwa Nashwan Khalaf, kutoka wilaya ya mashariki mwa Iraki. Alidai watu wenye silaha wanamtafuta kwa sababu aliona walichomfanyia mwalimu mmoja. Alisimulia vizuri, ila tarehe mbili ziligongana, na Evanthia akaandika asipewe.

Alimpandisha juu, akamzuia Hikmat aliyekuwa amekwisha kuvaa kofia. Kwa sheria yao, aliyenyimwa hurudi tu ikiwa ana jambo jipya, na ofisa hupewa wiki moja aseme kama ni jipya kweli. Nashwan alisema kwa sauti ndogo sana, Hikmat akamwomba arudie. Kisha Hikmat akageuka, na uso wake haukujua ukae vipi.

"Anasema jambo jipya analo. Anasema amekufa."

Nashwan akatoa karatasi kwenye nailoni. Ilikuwa hati ya kifo, yenye mihuri miwili na mashahidi wawili, jina lake, jina la baba yake, siku yake ya kuzaliwa. Sababu, kuzama mtoni ugenini. Tarehe, Machi pili.

Evanthia aliweka kidole kwenye tarehe, siku ya Jumamosi ile ya Roho, na hakukiondoa.

Ilikuwa kazi ya mjomba, Nashwan alieleza. Wale watu walikuja nyumbani kila mwezi kumuulizia, wakampiga binamu yake. Mjomba akaona heri mpwa wake afe kwenye vitabu. Wale watu walipoonyeshwa hati wakaondoka, hawajarudi. Lakini mjomba hakumwamini mtu kutunza siri, hata mama. Mama aliambiwa mwanao amezama. Matanga yalikaa siku tatu.

"Muulize kwa nini tarehe hiyo," Evanthia alisema.

Hikmat akauliza, akasikiliza. "Anasema mjomba hakuichagua. Karani alimuuliza amekufa lini, na ikamjia mdomoni."

Kabla hajaondoka Nashwan aliongeza jambo ambalo halikuwa la faili. Gari la kuwachukua vibarua kwenda mashamba ya vitunguu saumu lilikuwa linamwacha barabarani, ingawa anasimama na wenzake. Msimamizi akihesabu, anamruka. Alidhani ni chuki, mpaka alipoona hata mbwa wa shamba hawambwekei tena. Alilisema hilo kwa aibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa siri, na Hikmat alilitafsiri akitazama meza.

Evanthia hakulala vizuri wiki ile, na hakujidanganya sababu yake ni nini. Nane walikwisha kwenda. Huyu mmoja alikuwa amebaki, na wiki ikiisha bila yeye kuandikwa upya kuwa hai, atakwenda alikokwenda Bakary.

Alianzia kwa padri. Alimkuta Neofitos anapunguza matawi ya waridi nyuma ya kanisa, akamwambia yote, isipokuwa kwamba yalikuwa majina ya ofisini. Padri alimsikiliza kwa upole. Alimwahidi kuyasoma yale tisa kati ya walio hai, hata Jumapili tatu mfululizo.

"Lakini Mungu si karani, Bi Evanthia. Hakosei watu kwa sababu ya stepla."

"Najua Mungu si karani, Padri," alisema Evanthia. "Karani ni mimi."

Kisha akampelekea Aristidis faili. Aristidis alilisoma amesimama, na mwishoni alionekana kufurahi, kama mwanafunzi aliyekuta swali rahisi.

"Hili ni jepesi. Hati ikiwa ya kweli, mwombaji amefariki, na faili linafungwa. Ikiwa ya uongo, hakuna jambo jipya, na faili linafungwa."

"Yuko ukumbini, Aristidis. Shuka ukamwone."

"Nani yuko ukumbini?"

Ndipo Aristidis alipomwonyesha kasoro nyingine. Asubuhi ile walimpima Nashwan alama za vidole, mashine ikakataa. Walimwosha mikono, wakapaka mafuta, wakabadilisha mashine. Vidole vyote kumi vilitoka kama doa la ukungu. Dawa za shambani hula vidole, jambo hilo linajulikana. Lakini maana yake ilikuwa kwamba hapakuwa na kitu cha kuthibitisha kuwa yule wa chini ndiye wa kwenye faili. Hata picha yake ya majira ya baridi, walipoitafuta kwenye kompyuta, ilikuwa imefifia, ukuta nyuma yake unaonekana vizuri kuliko yeye.

Aristidis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili mia nne na simu kutoka mji mkuu kila asubuhi. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba njia iko moja tu. Ofisa aliyemhoji anaweza kujaza fomu ya utambuzi, kuapa kwa jina lake mwenyewe kwamba huyu ndiye, na kwamba yu hai. Akijaza, faili litafunguliwa na atapewa ofisa mwingine, na ile hati ya kifo itahesabiwa kuwa imetoka ofisi halali, ingawa mwenyewe yu hai. Maana yake akirudishwa kwao, wale watu watajua wamedanganywa, na hapo hakuna wa kubishana kuhusu hatari. "Lakini likitokea lolote, ni juu yako peke yako," alisema. "Mimi sahihi yangu haipo."

"Sahihi yako lini ilikuwepo," Evanthia alimjibu, akachukua fomu.

Ilikuwa kurasa mbili. Alimwita Nashwan juu, akamkalisha mbele yake, akajaza akimtazama. Urefu. Rangi ya macho. Jino lililovunjika upande wa kushoto. Kila alipoinua kichwa ilimbidi amtafute kidogo kabla hajamwona. Sauti ya Nashwan ilikuwa imekwisha kabisa siku ile, Hikmat alisogeza sikio karibu na mdomo wake kama anayesikiliza saa ya mkononi. Ukurasa wa pili ukaja na swali ambalo maofisa hulijibu bila kulisoma: je, umewahi kulitumia jina la mtu huyu kwa namna yoyote nje ya ofisi? Viboksi viwili. Ndiyo. Hapana.

Angetia alama kwenye hapana, hakuna ambaye angejua hadi anazikwa. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne afikie pensheni kamili, na kila mtu mjini alijua kwamba pensheni ndiyo kitu pekee ambacho Pantelis na dada yake hawakuweza kumnyang'anya. Kwa miaka kumi na tisa aliwaambia watu waliotetemeka kwamba wakidanganya jambo moja dogo, hata la kweli halitaaminika. Aliwanyima kwa sababu hiyo. Alimnyima huyu kwa tarehe mbili. Sasa karatasi aliyokuwa anaijaza ilikuwa ya kumtoa mtu kwa wafu, na akawaza kwamba ikiwa na uongo ndani yake, hata kwenye kiboksi kidogo kama punje ya ngano, haitashika.

Akatia alama kwenye ndiyo. Chini yake, penye mistari mitatu ya maelezo, akaandika: Nililiandika jina lake kwenye karatasi ya kanisani pamoja na mengine manane. Lilisomwa kati ya marehemu tarehe pili Machi. Nilisikia, nikanyamaza. Mtu huyu yu hai, ninamwona.

Akasaini. Hikmat, aliyekuwa anaisoma fomu juu chini kutoka upande wa pili wa meza, akavua miwani yake.

"Bi Evanthia, umejichimbia kaburi."

"Kaa kimya, mzee. Muulize anajisikiaje."

Nashwan alikohoa. Kikohozi kikavu cha kawaida, cha mtu aliyekaa kwenye vumbi, lakini mlinzi aliyekuwa ngazini alichungulia ndani akauliza huyu naye ameingia saa ngapi.

Aristidis alipoisoma fomu alifunga mlango wa ofisi yake.

"Kwa nini hukuweka hapana tu?"

"Ingekuwa uongo."

"Nani angejua?"

Jibu lake Aristidis angelicheka, kwa hiyo Evanthia alimsogezea fomu akatoka.

Fomu ikapanda juu, na huko juu wakafanya mambo mawili kwa pamoja. Utambuzi ulikuwa umeapiwa na kusainiwa, ukakubaliwa, faili likafunguliwa. Na aliyesaini akasimamishwa kazi kwa kutoa majina nje. Kamati ilimhoji asubuhi moja tu. Watu watatu, wa umri wa Aristidis, walimwambia aanze mwanzo na asiruke kitu, na alipofika kwenye ile Jumamosi wakatazamana. Walimstaafisha mapema na kumkata pensheni theluthi. Habari ilifika kanisani kabla yake, na Marika aliwaambia wanawake wa mishumaa kwamba yeye daima alijua yule mwanamke kichwa chake si kizima.

Wale wengine wanane hawakupatikana. Padri aliwasoma kati ya walio hai Jumapili tatu, kisha akaendelea kwa hiari yake. Evanthia aliandika barua kwa kila mahali alipopajua. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia majina hayo.

Nashwan alipewa hifadhi mwezi wa Oktoba. Alikuja kwa Evanthia na kadi mkononi, amenyoa, ameshona koti, na mwenye duka la mbegu alimwelekeza ngazi bila kuulizwa. Gari la vibarua lilikuwa linamchukua. Mbwa walimbwekea, alisema akicheka, mmoja amemrarua suruali. Alikuwa amejifunza Kigiriki cha shambani, cha kutukana punda, lakini alilokuja kuliomba hakuweza kulisema kwa hicho, kwa hiyo Jumapili walikwenda wote wawili nyumbani kwa Hikmat, ambako mke wa Hikmat aliwapa kahawa na maandazi ya asali na kuwaachia sebule.

Mjomba wake Nashwan alikuwa amefariki kiangazi kile kwa moyo, akaondoka na siri yake. Hakubaki mtu wa kumwambia mama ukweli. Nashwan mwenyewe alikuwa amempigia simu mara nyingi. Mara ya kwanza mama alipiga kelele akakata. Mara ya pili alisoma dua. Sasa, akisikia sauti yake, anaiweka simu chini taratibu na kuondoka, na Nashwan anabaki anasikiliza kuku wa uani kwao.

"Anaomba umwambie wewe," Hikmat alisema. "Wewe ni mtu wa serikali. Mama yake anaheshimu serikali."

"Si mtu wa serikali tena."

"Huko hawajui hilo."

Wakapiga, simu ikawekwa mezani, sauti kubwa. Mwanamke akaitikia. Hikmat alijitambulisha kwa maneno mengi ya heshima, akamtambulisha Evanthia, mama wa ofisi iliyompa Nashwan hifadhi, na kusema kwamba mwanawe yu hai, amekaa nao hapa, anakunywa kahawa. Kisha sauti ikasema kitu kifupi.

"Anasema Mungu akulipe kwa kuwafariji watu. Anasema wengi humpigia kumfariji."

Evanthia akavuta kiti. Alikuwa na njia moja tu ya kumjua mtu, aliyoitumia kwa maelfu, na hakuwa na nyingine.

"Mwambie nitamuuliza maswali. Ajibu kwa kadiri anavyokumbuka. Mwanao ana alama yoyote mwilini?"

Mama akajibu. Juu ya goti la kulia alikuwa na kovu la tanuri la mikate, aliungua akiwa na miaka minne. Evanthia akamtazama Nashwan. Nashwan akapandisha mguu wa suruali. Lilikuwepo, jekundu, umbo la mwezi mchanga.

Akauliza alipenda chakula gani, na aliogopa nini utotoni. Akauliza jina la mwalimu wake wa kwanza. Kila swali Hikmat alilipeleka, na kila jibu Nashwan alilitangulia kwa midomo, bila sauti, kabla halijatoka kwenye simu, neno kwa neno. Bamia. Kisima cha jirani. Mwalimu Abdulkarim, aliyekuwa kiziwi wa sikio moja. Evanthia hakuwahi kuwa na mahojiano yaliyonyooka namna ile. Hakuna tarehe iliyogongana. Angeandika apewe bila kufungua ukurasa wa pili.

"Mwambie," alisema, "mwambie kila alichonijibu, huyu aliye hapa anacho. Kovu nimeliona kwa macho yangu. Ni yeye."

Hikmat akaeleza. Sasa mama alizungumza kwa muda mrefu, kwa upole, kama anayezungumza na mgeni aliyepotea njia. Nashwan hakuhitaji mkalimani. Evanthia aliona uso wake ukisikiliza, aliona unavyotulia, kidogo kidogo, mpaka ukakosa kitu chochote ndani yake. Hikmat, aliyetafsiri miaka yote ile bila kupunguza neno, alizungusha kikombe chake.

"Sema," alisema Evanthia. "Usiruke kitu."

"Anasema yote ni kweli. Ndivyo alivyokuwa." Hikmat akakiweka kikombe mezani. "Anasema anashukuru kwamba huko aliko amepata mwanamke mwema wa kumwangalia, na kahawa. Anaomba umwambie asimpigie tena, kwa sababu akisikia sauti yake huwa anatamani kumfuata. Mwambie apumzike."

Kwenye simu kuku walikuwa wanalia. Nashwan akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na meza, akasema kwa lugha yao neno moja, ambalo hata Evanthia alilielewa. Sauti ya upande wa pili haikuitika. Wakasikia kandambili zikiburutwa, mlango ukifungwa, na nyumba ile ya mbali ikabaki wazi masikioni mwao, bila mtu, mpaka salio likaisha.